Bwana Rogath Mmari, Mtunza Sarafu Zenye Koti

Kwa heshima na taadhima, tunawaarifu watumishi wote kwamba Bwana Rogath Mmari, mhifadhi wa sarafu katika Makumbusho yetu ya Mlimani hapa Moshi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025, baada ya utumishi uliotukuka wa miaka thelathini na mmoja.

Ndiye aliyewaelimisha wageni wetu kwamba sarafu nyingi si za madini ya aina moja. Kipande cha duara hukatwa kutoka kwenye bamba la chuma, huvishwa utando mwembamba wa shaba au nikeli, kisha hugongwa kati ya mihuri miwili ili kipate picha. Utando huo aliuita koti, nasi sote tukamfuata.

Kwa kuwa chuma hunasa kwenye sumaku, alivaa shingoni siku zote sumaku ya kupimia sarafu. Ipo siku ofisi nzima ilitafuta ufunguo wa Mkurugenzi, hadi ulipoonekana ukining'inia kifuani pake, yeye akiwa mstari wa mbele katika kuutafuta.

Mwaka jana alifika Mama Eunike, mjane wa Kibosho, na sarafu aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Upande mmoja ulikuwa wa manjano, mwingine wa kijivu. Marehemu mumewe aliiweka mfukoni tangu harusi yao. Mnunuzi mmoja wa Holili aliamini kwamba iligongwa bila koti upande mmoja, hivyo ni adimu; akataka uthibitisho wetu. Kwa bei yake Mama alitaraji kupata ng'ombe wa maziwa.

Bwana Rogath aliitazama kwa lenzi muda mrefu. Sarafu iliyokosa koti kiwandani hubaki na picha kali juu ya chuma kitupu; katika hii, picha ilikuwa imelika pamoja na koti lake.

“Mama, kiwanda hakikukosea,” alisema taratibu. “Hapa ni kidole gumba cha mzee. Ameisugua miaka yote.”

Mama alicheka. “Kumbe! Na mimi nikidhani anatafuta nauli humo mfukoni!” Kisha machozi yakamtoka.

Bwana Rogath alimsogezea kiti, akakaa naye. Hatimaye Mama akaifunga tena sarafu kwenye kanga.

Alimshukuru kwa Kichagga: “Aika mbe. Ng'ombe nitamtafuta kwa kahawa. Hii haiuzwi.”

Bwana Rogath, pokea shukrani zetu za dhati. Tunakuombea afya njema na mapumziko ya amani huko Marangu, pamoja na mkeo, Mama Hilaria.