Ndugu wa Mpaka Jioni

Benchi la kijiwe chetu cha Igogo ni ubao wa mtumbwi uliokufa, na juu yake tumeshatatua mengi yaliyowashinda wakubwa. Nusu yake nimetatua mimi, Luhende, peke yangu. Asubuhi hiyo Gladness, muuza kahawa, alituletea zito. Mapendo, Mkongo aliyefikia kwake, kaletwa na gari la wagonjwa kutoka kambi ya wakimbizi kule Kigoma, mwanawe apasuliwe uvimbe wa tumboni. Kitanda kapata, daktari kapata. Wanatakiwa ndugu wa kuchangia damu, na ndugu zake wako kambini, hawatoki bila kibali.

— Kamtoto kenyewe kachangamfu? akauliza Ngosha, mchunga ng'ombe aliyehamia mjini na fimbo yake.

— Kachangamfu sana. Kamezaliwa humo humo kambini. Jana kameliona ziwa, kakauliza nani kalimwaga.

Tukageuka kulitazama ziwa. Nimezaliwa kando yake, sijawahi kuuliza.

— Damu nzito kuliko maji, akasema Profesa, fundi baiskeli. Na sisi maji tunayo ziwa zima. Damu itatushinda?

— Usicheze na damu, akasema Ngosha. Ukimwekea ya Msukuma, mtoto ataamka anatafuta ng'ombe.

— Afadhali ng'ombe, nikasema. Yangu ni sangara tupu. Mbu akininyonya anaondoka anaogelea. Mtoto akipewa hii atarudi Kigoma kwa maji.

— Kule ni ziwa jingine, Luhende, akasema Gladness.

— Ndiyo ujue damu hii ilivyo.

— Ila wazeni, jamani, akasema Profesa taratibu. Mtu anazuiwa getini. Damu inaingia mpaka moyoni, haiulizwi kibali.



Mapendo akatokea, kitenge begani, macho mekundu.

— Shikamooni, wababa.

— Marahaba.

— Daktari ananingoja. Nani kati yenu anaweza kuwa ndugu yangu mpaka jioni?

Profesa, mwenye methali ya kila kitu, alianza kukunja mkono wa shati. Ngosha aliegemeza ukutani fimbo ambayo hata kanisani huingia nayo. Mimi nilisimama wa kwanza, ingawa Gladness husema nilikuwa wa mwisho. Kahawa ikabaki kwenye birika, jambo ambalo kijiwe chetu hakijapata kuliona.

Mtoto alipopasuliwa kwa damu yetu na kupata nafuu, tulikwenda kumwona. Tulimkuta amekaa kitandani, anajifunza kupiga mluzi.

Ngosha akavua kofia.

— Niliwaambia, akanong'ona. Anaita ng'ombe.