Majibu ya Katunge Yalibaki kwa Mama

Mchungaji, wazee, jamaa na majirani mliofika hapa Sultan Hamud leo Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, familia imeniomba mimi, Kitonga, niliyemfuata kuzaliwa, niwasomee maisha ya dada yetu.

Katunge Ndululu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1983 huko Tseikuru, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ndululu na mama yetu Kanini, ambaye ameketi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi huko huko Tseikuru hadi mwaka 1997, akaenda sekondari Mwingi, akamaliza mwaka 2001, kisha akakaa nyumbani akichunga mbuzi kwa sababu ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe waliowekwa kwa ajili ya masomo yake. Mwaka 2005 alijiunga na chuo Machakos kusomea utunzaji wa rekodi za afya, akapata cheti mwaka 2007.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa kanisani hapa Sultan Hamud na Ben Kitheka, fundi wa redio na simu, wakajaliwa watoto wawili, Wavinya, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2011, na Mutunga, aliyezaliwa tarehe 20 Januari 2015.

Mwaka 2017 aliajiriwa mjini Wote na shirika lililotengeneza programu ya simu ya wahudumu wa afya wa vijijini, kazi yake ikiwa kuchagua maneno ya Kiswahili yanayoonekana kwenye kioo. Programu hiyo ilipanga watu kwa ngazi, moja ndani ya nyingine, na kila ngazi iliitwa "kipengele", kwa hivyo mhudumu alibonyeza kipengele akakuta kipengele kingine, asijue kama amefika kwa kijiji au kwa mtu. Katunge hakukaa ofisini kubuni majina. Alibeba bahasha zilizotiwa moja ndani ya nyingine, akazipeleka kwa wahudumu wa Makueni na Kitui, na kila walipofungua moja aliwauliza wameingia wapi. Mama Kasyoki, mhudumu wa Tseikuru, alimwambia mbele ya watu, "Hii simu yenu ni kama ghala la marehemu mzee wangu, unaingia kutafuta jembe, unatoka na kuku." Walicheka, naye akaandika. Mwaka 2018 programu ilitoka na ngazi nne, kijiji, boma, nyumba na mtu, kila moja na jina lake juu ya kioo, maana Katunge alisema mtu akibonyeza ajue ameingia wapi na atatokea wapi.

Januari 2023 programu ilikabidhiwa kwa shirika lingine, na hao, wakitaka itumike kila mahali bila kubadilishwa, wakarudisha "kipengele" katika ngazi zote. Katunge aliwaandikia barua kumi na moja. Walijibu moja, wakasema hayo ni maneno tu.

Januari 2024 mama yetu alivunjika nyonga, Katunge akaenda Tseikuru kumuuguza, na tarehe 21 Februari akapimwa saratani ya mlango wa kizazi katika kliniki ya kuhamahama iliyopita huko. Majibu yalirudi tarehe 18 Machi, yakionyesha kwamba ugonjwa upo na ungali mwanzoni. Aliyeyaingiza kwenye simu ni Mama Kasyoki, ambaye kazi yake ilikuwa kuyaingiza tu, kumpigia mgonjwa ikiwa kazi ya hospitali. Kwa mila yetu binti aliyeolewa hahesabiwi tena kwa mama yake, kwa hivyo hakumwandika kuwa mtu wa nyumba ile, alitaka kuyapeleka kwa jina lake la hapa Sultan Hamud. Alibonyeza kipengele, akabonyeza kipengele, akahifadhi akiamini amefika kwenye jina lake, kumbe angali ndani ya boma la mama, na majibu yakabaki hapo, bila jina la mtu.

Aliporudi hapa, Katunge alienda hospitali mara sita, jina lake likafunguliwa mara sita, akaambiwa asubiri. Ben alimsihi apimwe upya kwingine, akamjibu, "Baba Wavinya, ningekuwa mgonjwa wangeshanipigia." Tarehe 6 Desemba 2024, akiwa ameanza kutokwa damu, alisafiri hadi Tseikuru, akachukua simu ya Mama Kasyoki, akafungua ngazi moja baada ya nyingine, na kwa dakika nne akayapata. Mama Kasyoki alipiga magoti. Katunge alimwambia, "Inuka, mama. Hata mimi ningepotea hapo."

Saratani ilikuwa imefika kwenye ini. Alitibiwa Kitui, kisha Nairobi, na wiki yake ya mwisho, mkono ukiwa hauwezi tena kushika kalamu, alimtamkia Wavinya barua ya kumi na mbili, ikaandikwa, ikatumwa. Haijajibiwa. Alifariki Alhamisi, tarehe 30 Oktoba 2025, saa tano asubuhi. Jumatatu programu ile iliandika kwamba amefariki, na chini ya jina lake bado inaonyesha kwamba anasubiri majibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtuliza maumivu, majirani waliotuchotea maji na kutupikia, wenzake wa Wote, na wahudumu wa vijijini. Mama Kasyoki, tumekuona umesimama kule nyuma, familia inakuomba uje uketi karibu na mama.

Dada, tunakulaza katika boma la Ben, nyuma ya nyumba yako, na kila mmoja wetu hapa anajua ulipo. Pumzika sasa kwa amani.