Mzee Adinani na Msumeno Uliosikika Mpaka Likunja

Asalaam alaykum wafanyakazi wenzangu wote wa karakana ya mbao hapa Nachingwea, mafundi, madereva na wapasua mbao, na wewe mwenyewe Mzee Adinani utakayesoma haya kwa kidole chako. Sisi nyumbani hatujambo. Mwanangu Amri anakusalimu sana. Mkewe Zaitun anakusalimu, anasema lile shoka dogo ulilomtilia mpini bado halijacheza. Mjukuu wangu Mwamina anakusalimu, siku hizi anajifunza kuhesabu, ila nne kila siku anairuka. Mdogo wake Kaimu hajui salamu bado, anaota meno, lakini nimemshikisha kalamu akakuchorea huo mstari uliopinda hapo pembeni. Dada yangu Sikuzani wa Likunja yuko hapa wiki ya pili kwa ajili ya goti lake, naye anakusalimu. Kuku wawili ulioniachia wanataga. Nami Swaumu, mama Amri, mpika chai wenu, ni mzima wa mwili, ila moyo wangu haujatulia tangu siku ilipotajwa.

Siku yenyewe ni Ijumaa, tarehe 28 Novemba 1958, baada ya sala. Siku hiyo Mzee Adinani Mnali anastaafu kazi aliyoifanya miaka kumi na mmoja na miezi miwili, tangu wakati wa kufyeka pori ili zilimwe karanga mpaka leo tunapopasua mbao. Anarudi kwao Kilimarondo.

Karani wetu Eustakio alikuwa ameshaandaa hotuba. Ni hotuba nzuri, aliisoma mbele yangu jikoni amesimama kabisa na mkono mmoja mfukoni. Nikamwuliza, "Mwanangu Eustakio, hiyo utamsomea nani?"

"Mzee Adinani, mama."

"Mzee Adinani hasikii. Atakaa pale anakutazama mdomo, watu watacheka yeye hajui wanacheka nini, watapiga makofi yeye ndiyo kwanza anageuka."

Eustakio akaikunja hotuba yake. Halafu akasema, "Basi andika wewe, mama. Wewe ndiye unayejua kuongea naye." Ndiyo maana karatasi hii imeandikwa na mkono wa mpika chai. Moja itabandikwa ubaoni, na moja atapewa Mzee aisome polepole. Mimi na yeye tulijifunza herufi pamoja kwenye darasa la jioni, tumekaa benchi moja, yeye akishika kalamu kama anashika tupa. Mkosoe mnapoona makosa, msicheke.

Mzee Adinani alifika hapa Septemba 1947 na shoka lake begani. Mkewe Ashura alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na hawakujaliwa mtoto. Mabuldoza yalisukuma miti midogo, ile mikubwa ikaachiwa watu wa mashoka. Mwaka 1949 ndipo ulipoletwa msumeno wa injini, ule wa mnyororo, unaoshikwa na watu wawili, mmoja upande wa injini na mwingine ncha ya pili. Ulikuwa mzito kama gunia la mpunga. Ulipowashwa mara ya kwanza wanaume wazima walikimbia, wengine nawapikia chai mpaka leo na hawapendi nilitaje jambo hili. Mzee Adinani hakukimbia. Aliinama, akaweka kichwa upande, akasikiliza, kisha akasema, "Huyu ana kikohozi."

Hapo ndipo kazi yake ya kweli ilipoanza. Hakuna aliyemfundisha. Petroli ilikuja kwenye mapipa yenye kutu, wengine wakaimimina hivyo hivyo. Yeye aliichuja kwa kofia kuukuu ya sufu, na kofia hiyo hakuivaa tena maisha yake. Masizi ya kwenye tundu la moshi aliyakwangua kwa kijiti cha mwanzi, wala si kwa msumari, maana msumari unakwaruza chuma. Mwanya wa plagi aliupima kwa kipande cha bati alichokikata mwenyewe, akakivaa shingoni kwa uzi mpaka watu wakadhani ni hirizi. Chujio la hewa lilikuwa wavu mtupu wa waya, na vumbi letu jekundu lilipita humo linavyotaka. Akaniletea jikoni.

"Mama Amri, nishonee kanzu ya huyu."

Nikashona kwa kitambaa cha marekani, tabaka nne, imara. Siku ya pili kanirudishia anacheka mpaka machozi. "Mama Amri, umemvika blanketi! Hapumui!" Nikafumua, nikashona tabaka mbili, akaitia oili kidogo akaikamua. Tangu siku hiyo msumeno wetu haukula vumbi, na kanzu zake zote nimeshona mimi.

Lakini ufundi wake mkubwa ulikuwa sikioni. Skrubu ya kabureta aliizungusha kwa ncha ya kisu, kidogo tu kama anayeonja chumvi, huku anasikiliza. Mlio ukipanda ukawa mwembamba alisema, "Ina kiu," akaiongezea petroli. Ukigugumiza na kutoa moshi mzito alisema, "Inakohoa," akaipunguzia. Ukinyooka akasimama wima na kusema, "Imeshiba." Vijana wote wa karakana wanayatumia maneno hayo siku hizi, hata kwa mambo ya nyumbani. Kuna bwana mmoja hapa, simtaji, akimaliza ugali wangu husema imeshiba.

Sasa naandika jambo lililo zito kwangu.

Mwaka 1952 tulihamia porini upande wa Ruangwa, kukata miti mikubwa ya mbao. Mimi nilifuata na masufuria. Aliyeshika ncha ya pili ya msumeno alikuwa mwanangu Amri. Mwaka ule homa ilikuwa inamwacha na kumrudia. Mti mmoja wa mninga ulikuwa unawachukua asubuhi nzima, na akirudi mikono ilitetemeka hata kikombe anakishika kwa viganja viwili. Mama gani atakaa kimya? Nikamfuata Mzee Adinani nikamwambia, "Kaka Adinani, huo msumeno hauwezi kula mti upesi zaidi? Mwanangu anakwisha."

Alikwenda akafungua kopo la ekzosi, akatoa kile kibati cha ndani kinachonyamazisha mlio. Akachukua tupa, akapanua tundu la moshi mpaka kidole gumba chake kikapita. Akaiongezea petroli kwenye skrubu, kwa sababu injini ikipewa njia pana ya kupumua kiu nayo inazidi, na ukiiacha na kiu hiyo itaungua. Akawasha.

Jamani, nilidondosha mwiko. Ndege walihama. Dada yangu Sikuzani, kwake Likunja, alitoka nje kuangalia mbingu. Baadaye akawa ananiambia, "Nikisikia ngurumo ya shemeji yangu huyo, najua umeshabandika chai." Mimi nikamjibu huyo si shemeji yako, ni msumeno. Lakini mti ulioanza asubuhi ulilala chini chai haijapoa. Amri akawa anarudi alasiri, anaoga, anakula, analala. Homa ikamwacha. Nami nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na Mzee Adinani, nikampikia wali siku isiyokuwa ya wali.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha, Mzee Adinani alichanganya pamba na nta ya nyuki, akamziba Amri masikio yote mawili kwa mkono wake. Nilimwona. Nikamwuliza, "Na yako je, kaka?"

"Nikiziba ya kwangu, nani ataisikia injini?"

Akawa anakaa upande wa injini, sikio karibu na tundu alilolipanua mwenyewe, miaka na miaka.

Wenzangu mnakumbuka mengine. Mnakumbuka alivyoanza kucheka nyuma ya wenzake, mkimaliza ndipo yeye anaanza. Mnakumbuka alivyokuwa anatazama miguu ya watu ili ajue kuwa kumeadhiniwa. Mnakumbuka mwaka jana injini ilipolia kwa kiu, sote tukaisikia mpaka jikoni, watu wanapunga mikono, yeye ameinama anakata tu, mpaka pistoni ikashikamana na msumeno ukazima. Alikaa juu ya gogo. Alishika ile injini ya moto akasema kwa sauti kubwa, kama anavyosema sasa, "Hakuniambia."

Hata hivyo hakuacha kazi mwaka mzima. Alijifunza upya. Akawa anaichomoa plagi kila baada ya mti na kuisoma kwa macho. Ikiwa ya kahawia kama ganda la korosho, vizuri. Ikiwa nyeupe ina kiu, ikiwa nyeusi inakohoa. Tangu siku ya gogo hakuunguza injini nyingine hata moja. Nataka hilo liandikwe, nami nimeliandika.

Ila ninyi hamjui kwamba mimi niliona kabla yenu. Ilikuwa mwaka 1954. Nilimwita kwa nyuma, hatua tano tu, nina kikombe chake mkononi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakugeuka. Nilijua. Ningeweza kumwambia siku ile ile, "Kaka, rudisha kile kibati." Lakini nilimtazama Amri amekaa pale anakula kwa mkono usiotetemeka, nikaogopa zile asubuhi ndefu zirudi. Nikazunguka mbele nikampa chai yake. Nikanyamaza. Mwanangu leo anaendesha trekta na anasikia mpaka kuku akitembea. Mzee Adinani hasikii hata jina lake.

Siku hizi tunaongea kwa vumbi la mbao. Baada ya chakula analimwaga mezani, analisawazisha kwa kiganja, anaandika, nami najibu kwa kidole. CHUMVI IMEZIDI. Naandika, KULA HIVYO HIVYO. Anacheka. Mara tatu nimeanza kuandika hili la mwaka 1954, na mara tatu nimelifuta kabla hajaleta kikombe. Neno la kunong'ona halimfikii tena, na la kupiga kelele litasikiwa na kila mtu ila yeye. Basi limebaki karatasi. Kama wengine mtalisoma ubaoni, lisomeni. Mzee Adinani, nisamehe.

Sasa wewe unakwenda Kilimarondo, na mimi moyo wangu hautulii. Nyumba haina mtu tangu Ashura. Shamba lako liko ukingoni mwa pori, na tembo wanapita huko mahindi yakikomaa. Ulipoandika mezani utalala dunguni kulinda, nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Watu hulinda kwa masikio. Wewe utalinda kwa nini?

Nimefikiri kama ulivyonifundisha kufikiri. Kwenye zawadi yako ya karakana, ndani ya shuka, utakuta kamba ya kuwashia ya ule msumeno wa kwanza. Nilimwomba Eustakio, akanipa. Utaona nimeiunga na kamba nyingine za katani, ndefu. Izungushe kwenye uzio wa shamba, nchani fanya kitanzi, ukivae mguuni unapolala. Mnyama akigusa uzio, mguu utakuambia. Usiikaze sana. Usikae dunguni bila moto. Kula. Usile mihogo mitupu kila siku kwa sababu hakuna wa kukupikia.

Hapa kwetu meza itakuwepo na vumbi la mbao litakuwepo. Sijui nitamwandikia nani kwamba chai iko tayari.

Mzee Adinani, karakana nzima inakushukuru kwa miti uliyoiangusha bila kumwangushia mtu, kwa injini ulizoziponya, na kwa kila sikio uliloliziba ukaacha ya kwako. Mungu akupe umri, mvua ya wakati wake, na mwili wenye nguvu. Amri anasema yeye hana la kuandika, ila atakubebea mzigo mpaka kwenye lori, na najua hataki watu wamwone uso.

Dereva Linus anakwenda Kilimarondo kila Jumanne ya pili kuchukua ufuta. Nimeshamwambia asiondoke huko mpaka akuone kwa macho. Mpe jibu upesi, safari ile ya kwanza kabisa, usisubiri mavuno. Najua kuandika kunakuchosha, basi andika neno moja tu. Andika IMESHIBA, nitajua uko salama. Ukiandika INA KIU, nitajua umepungukiwa, nitatuma. Ukiandika INAKOHOA, mimi na Amri tutapanda lori hilo hilo. Na kama baada ya kusoma haya hunitaki tena, liandike nalo, nitalisoma. Ila usimrudishe Linus mikono mitupu. Jumanne hiyo nitakuwa nimesimama barabarani tangu asubuhi.