Fundi Callixte na Vipimo vya Wanaume Kumi na Mmoja

Mchungaji Jotham, mama mchungaji, wazee wa kanisa, majirani na ndugu wote mliofika hapa Brooklyn Center leo Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2025, mimi naitwa Rigobert, mdogo wake marehemu, baba mmoja mama mmoja, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu Callixte Mugisho. Naomba mnivumilie nikisitasita, maana karatasi hizi zina ukurasa mmoja ambao si wazee wote wa familia walitaka usomwe, na tangu alfajiri nimekuwa nikiutoa na kuurudisha, nikiutoa na kuurudisha, mpaka mama watoto akaninyang'anya bahasha.

Marehemu alizaliwa Kalundu, Uvira, Jumapili tarehe 9 Juni 1968, mtoto wa kwanza kati ya sisi saba wa marehemu Papa Mugisho na marehemu Mama Générose. Alisoma shule ya msingi hapohapo Kalundu kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, kisha akapelekwa Bukavu katika shule ya ufundi wa kushona, akamaliza mwaka 1984 akiwa wa pili darasani, na huyo wa kwanza alikuwa mpwa wa mwalimu, jambo ambalo kaka hakuacha kulisema hata baada ya miaka arobaini.

Alirudi Uvira akafungua kibanda cha cherehani sokoni, akawashonea walimu, maharusi na wanakwaya, hadi vita ilipotufikia Oktoba 1996 tukakimbilia Tanzania, kambi ya Nyarugusu, yeye akiwa amebeba kichwa cha cherehani kwenye gunia na mimi nimebeba mguu wake wa chuma, nikilalamika njia nzima. Cherehani hiyo ilitulisha kambini miaka kumi na tisa.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Donatille kambini, Jumamosi tarehe 22 Agosti 1998, akiwa amevaa suti aliyojishonea mwenyewe, suruali ya inchi thelathini na nne, na Mungu akawajalia watoto watatu, Maombi aliyezaliwa 1999, ambaye leo anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, Pacifique wa 2003, anayesoma chuo Saint Paul, na Ntwali wa 2008, ambaye ukimsalimu kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, lakini najua ananielewa, na leo nataka anielewe vizuri.

Tarehe 17 Februari 2016 familia ilitua Minneapolis, baridi ikatupokea kwa makofi, tukapewa nyumba ya kupanga Brooklyn Park, na mwezi wa tano marehemu akaajiriwa kiwanda cha Fridley kinachoshona mahema, alikofanya kazi miaka tisa bila kuchelewa hata siku moja, huku jioni na Jumamosi akitushonea sisi nguo sebuleni kwake. Ni nani humu ndani hajavaa mshono wa Callixte? Hata mimi hapa nilipo.

Ndugu zangu, kaka alikuwa mtu wa miguu myembamba na mikono myembamba, na kila akipanda mizani kliniki waliona uzito umezidi kidogo tu, lakini tumbo lilikuwa limekuja mbele, nasi tukalifurahia. Tulimwambia amenawiri, tukamwambia Amerika imempokea, mimi mwenyewe nilikipigapiga kitambi chake mbele za watu nikakiita baraka. Yeye alijibu kwamba kiuno chake hakijabadilika tangu siku ya harusi, ni inchi thelathini na nne ileile, na kweli suruali zake zote zilikuwa thelathini na nne, kwa sababu kila mwaka tumbo lilipoongezeka, suruali ilishuka chini yake kidogo, namba ikabaki palepale.

Jumapili tarehe 2 Juni 2024, baada ya ibada, Nesi Lynette Nkirote, dada yetu Mkenya anayehudumia wagonjwa wa moyo na sukari, alitupima wanaume katika ukumbi huu. Alipitisha tepu juu ya kitovu, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akatupima na urefu, akatueleza kwa upole kwamba kiuno kikizidi nusu ya urefu wa mtu, ni dalili ya mafuta yaliyojificha ndani kuzunguka ini na utumbo, mafuta ambayo mizani haiyaonyeshi, na kwamba mtu huyo, hata kama leo anaruka na kuimba, ana hatari kubwa zaidi ya sukari, presha na moyo miaka ijayo. Hakusema kila mwenye kitambi atakufa, alisema nendeni mkapimwe damu. Urefu wa kaka ulikuwa sentimita mia moja sabini na mbili, nusu yake themanini na sita, na kiuno chake kilikuwa mia moja na nne.

Hapa ndipo ukurasa wenyewe unapoanza. Kaka alikasirika, tena alikasirika kama fundi, akasema huyu binti amepima mahali pa sketi, mwanaume hapimwi hapo, na eti kama angemshonea mtu suruali kwa vipimo vile ingemfika kifuani. Wanakwaya wanaume kumi na mmoja, waliokuwa na karatasi za nesi mfukoni na hofu tumboni, walikwenda kwake mwezi uleule kupimwa suti za jubilei, na kila mmoja akamuuliza, fundi, hebu niambie wewe ukweli. Aliwapima chini ya tumbo, pale mkanda unapokaa, akawatajia namba ndogo, akawaambia wako salama, na tukacheka sana, tukazitupa zile karatasi kwenye pipa lake la vipande vya vitambaa. Ndiyo, nimesema tukazitupa. Mimi nilikuwa wa nne.

Hakuwa mwongo, jamani, msiondoke hapa mkisema Rigobert amemwita kaka yake mwongo. Kipimo chake kilikuwa sahihi kwa suruali.

Alhamisi tarehe 11 Septemba mwaka huu, akiwa kazini, alishikwa na maumivu ya kifua na jasho jembamba, akakimbizwa hospitali, na madaktari wakakuta mshipa wa moyo umeziba na sukari iko juu, sukari ambayo walisema huenda ilikuwa naye kwa miaka. Aliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 20. Siku mbili baadaye nilimkuta ameketi kitandani, amevua shati, amezungusha tepu juu ya kitovu chake mwenyewe, anaitazama namba, kisha akaniagiza nimletee daftari la vipimo, akafunua mwezi wa sita, akaweka alama kando ya majina kumi na moja. Alisema, Rigobert, hawa niliwaambia wako salama, na mimi sikujua. Alisema nisiwaambie mmoja mmoja, kwa sababu mmoja mmoja watanicheka, niwaambie wote wakiwa pamoja, na kama yeye hatapata nguvu, niseme kwa jina lake kwamba alipima mahali pasipostahili. Nilimjibu atasema mwenyewe akipona. Hakupona. Maumivu ya moyo yalimrudia tena Jumanne tarehe 7 Oktoba, na Jumatano tarehe 8, saa nne asubuhi, akatutoka, mkewe akiwa amemshika mkono.

Alhamisi iliyopita familia ilikaa, na wengine wakasema maneno haya yatamvunjia marehemu heshima, afadhali nisome shule, kazi na watoto, nikae. Shemeji Donatille akasema, soma, mimi ninajua ujane ulivyo sasa, wake zao bado hawajui. Basi nimesoma.

Na mimi naogopa, sitaficha. Jumatatu nilikwenda kwa Nesi Nkirote, kiuno changu ni mia moja na kumi, presha iko juu, sukari iko mlangoni, nimeanza dawa, na kila nikipanda ngazi sasa nausikiliza moyo wangu kama mtu anayesikiliza mwizi. Lakini nimejua, na nina miaka hamsini na mbili, na daktari ameniambia sijachelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wafanyakazi wenzake wa Fridley waliosimamisha mashine dakika moja kwa heshima yake, majirani wa Brooklyn Park waliotupikia na kutusogezea magari yao tupate pa kuegesha, kanisa, kwaya, na akina mama ambao hata sasa wako jikoni. Tukisahau jina la mtu, atusamehe.

Sasa, wanakwaya kumi mliobaki, sitawataja, mnajijua, na ninawaona, sita kati yenu mmevaa glavu nyeupe kwa ajili ya kubeba jeneza. Nesi Nkirote yuko kwenye chumba kilicho kando ya jikoni, ana tepu, ana mashine ya presha na ya sukari, na mlango utafungwa, hakuna atakayesikia namba ya mwenzake. Ilipangwa tuondoke kwenda makaburini saa saba. Nimezungumza na Mchungaji na dereva, wamekubali, gari halitaondoka mpaka nyote kumi mtoke mle chumbani.

Mzee Maurice, naona umesimama, asante, tangulia wewe. Wengine mfuateni.

Kaka Callixte, wametoka kwenye viti. Tulia hapo ulipo, pumzika kwa amani, tunakuchelewesha kidogo.