Mzee Nzomo Mwangangi, Karani Aliyewasomea Watu wa Migwani Bei ya Mbarika (1909–1980)

Marehemu Mzee Nzomo Mwangangi hakukubali nambari iliyokuja peke yake. Mtoto akimletea karatasi ya mtihani yenye alama sitini na mbili, Mzee aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Na muhula uliopita?" Mweka hazina wa kanisa akisoma sadaka ya Jumapili, sauti moja ilisikika kutoka benchi la tatu: "Na wiki iliyopita?" Hata muuguzi aliyempima homa mwezi wa Februari aliulizwa swali hilo, ikabidi arudi kutafuta cheti cha zamani. Wajukuu walimwiga, naye alicheka pamoja nao, lakini hakuacha. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni ya mwaka 1934.

Alizaliwa Nuu mwaka 1909, mtoto wa pili wa Mwangangi Kisilu na mkewe Syokau. Siku haikuandikwa popote. Mama yake alikumbuka tu kwamba ilikuwa wiki ile maganda ya mbarika yanapasuka juani, na Mzee alipotakiwa kujaza fomu ukubwani alichagua tarehe 20 Julai. Baba alikuwa mfugaji wa mbuzi. Mama alikaanga mbarika, akazitwanga, akazichemsha na kukamua mafuta ya kupaka mwilini na kulainisha ngozi. Katika nyumba hiyo hakuna aliyejua kwamba kuna watu ng'ambo ya bahari wanaoitaka mbarika kwa ajili ya mashine zao.

Mwaka 1920 aliingia shule ya misheni. Baba alitaka abaki na mbuzi. Mama ndiye aliyempeleka, akiwa amejitwika debe la mbarika kichwani, na hilo debe likapokelewa kuwa ada yake ya kwanza. Alibatizwa tarehe 14 Desemba 1924. Alitoka shuleni mwaka 1927 akiwa anasoma Kiingereza polepole na kupiga hesabu upesi, na mwezi wa Machi 1930 akapata kazi ya karani wa mizani katika duka moja la kununua mazao Migwani.

Ilikuwa miaka migumu. Nzige walikuja wakala mtama na wimbi. Walipokwisha nzige, mvua nazo zikakatika. Mbarika peke yake ilisimama kando ya mashamba na kwenye mahame, na akina mama wakaichuma, wakaianika, wakaileta sokoni wapate unga. Kwa hiyo bei ya mbarika haikuwa habari ya wenye maduka tu. Ilikuwa habari ya chungu kilichoko jikoni.

Gazeti la Kiingereza lilifika dukani mara moja kwa wiki, siku moja kabla ya soko, na ndani yake mlikuwa na safu nyembamba iliyoeleza mauzo ya nje ya wiki hiyo: meli zimepakia tani ngapi za mbarika, za simsim na za mahindi pale Mombasa, na kwa bei gani. Mwenye duka aliisoma akalikunja gazeti. Nzomo alilikunjua. Siku ya soko alisimama juu ya sanduku tupu kando ya mizani na kuwasomea watu kwa Kikamba kile alichokiona, ili mtu anayeuza gunia lake ajue linakokwenda linathaminiwaje. Hakuna aliyemtuma. Walimpa jina la Karani wa Meli, na yeye, kijana wa miaka ishirini na mitano, alilipenda.

Mwezi wa Julai 1934 safu ile ilimfurahisha. Wiki ya kwanza Mombasa iliuza tani tisini za mbarika. Wiki ya pili, mia moja na arobaini. Wiki ya tatu, mia mbili na kumi. Nzomo alipanda sanduku lake na, kwa mara ya kwanza, hakuishia kusoma. Aliwashauri. Aliwaambia wasiuze siku hiyo, kwa sababu meli zina njaa ya mbarika, na mwenye njaa hupandisha bei. Watu wakamwamini. Magunia yalirudi nyumbani migongoni mwa punda yalivyokuja, na kwa masoko mawili familia nyingi za Migwani zilikunywa uji mwepesi kwa sababu karani amesema wangoje.

Aliyengoja kuliko wote alikuwa Mzee Ndululu, mwenye magunia manane. Nzomo alikuwa amemposa binti yake, Muthoki, na mbuzi sita walikuwa wamekwisha kupelekwa. Ndululu alitembea soko zima akijisifu kwamba mkwe wake anaongea na meli.

Tarehe mosi Agosti gazeti likaja na bei iliyoanguka kwa theluthi nzima.

Nzomo alikwenda nyuma ya duka, akayatafuta magazeti ya wiki zilizopita ambayo yalikuwa yanafungiwa sukari, akayapanga sakafuni. Ndipo alipoona kosa lake. Alikuwa akifuata tani tu. Safu ya bei, iliyokuwa pembeni yake, ilikuwa imeshuka kidogo kila wiki tani zilipopanda, isipokuwa mnunuzi wa Migwani alikuwa bado hajapunguza yake. Wenye mali wa Mombasa hawakuwa wakiuza kwa wingi kwa kuwa meli zina njaa. Walikuwa wakiuza kwa wingi kwa kuwa waliiona bei inaporomoka, wakataka kuwahi. Kama angeweka wiki mbili kando kwa kando na kusoma safu zote mbili, angeliona hilo.

Angeweza kusema gazeti halikuja. Mwezi wa Juni lori la barua liliwahi kuharibika njiani na watu wakakosa habari, kwa hiyo wangesadiki. Aliwahi kuwaambia watoto wake kwamba wazo hilo lilimjia, na kwamba alilala nalo. Kesho yake alipanda sanduku akasoma bei mpya, akasoma na za wiki zilizopita, kisha akasema kosa ni lake na hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Mama mmoja wa Migwani aitwaye Kaluki, ambaye ulimi wake ulijulikana hadi Mutonguni, ndiye aliyeanza.

"Karani, hizo meli zako zimeshiba?"

Watu wakacheka kicheko kisicho na furaha. Kaluki akaendelea kumwuliza kama karatasi ile inapikika, na kama inapikika, yachukua chumvi kiasi gani. Lakini aliyemwumiza alikuwa Ndululu, ambaye hakupandisha sauti hata kidogo.

"Uliniambia ningoje na mbarika yangu. Sawa. Na mimi nakuambia ungoje na Muthoki."

Mbuzi sita hawakurudishwa, na binti hakutolewa. Kila mtu alielewa kwamba Ndululu hangoji mahari. Anangoja kuona kama huyu kijana hutimiza neno lake.

Nzomo hakubishana. Katika gazeti lilelile alikuwa ameona bei ya stesheni ya Makindu, penye reli, ambayo hata baada ya kuanguka ilikaribiana na ile Migwani iliyokuwa ikitoa kabla hajawazuia watu. Bei ya Makindu ingebadilishwa Jumamosi tarehe 18 Agosti adhuhuri, simu ya Mombasa itakapofika, na kila dalili ilionyesha itazidi kushuka. Mbarika ikifika upesi, watu wangepata kile ambacho wangepata mwanzoni. Ikichelewa, basi. Aliomba ruhusa kazini. Mwenye duka akamwambia akiondoka asirudi. Aliweka ufunguo wa ghala juu ya mizani akaondoka.

Alikwenda kwa Dirie, mfanyabiashara wa mifugo na msafirishaji, Mwislamu kutoka kaskazini mashariki, ambaye siku hizo alikuwa Migwani na punda wake. Dirie alimsikiliza, akamwuliza ana pesa ngapi. Hakuwa nazo. Akamwuliza kama anaijua njia. Hakuijua. Dirie akasema amewahi kufanya biashara mbovu maishani, lakini hii ni ya kwanza kumchekesha. Alikubali kwa malipo ya debe moja la mbarika, akisema mkewe Falis atapata mafuta ya ngozi zake.

Waliondoka Jumatatu tarehe 6 Agosti 1934, watu wanne, punda thelathini na mmoja, magunia thelathini na moja. Ndululu alitoa manane yake. Kaluki alitoa moja, akasema anampa ili apate kisa kingine cha kumsimanga.

Siku ya saba, wakivuka mto Athi, punda mmoja alilala katikati ya maji, akakataa kuamka. Walipomwinua, gunia lake lilikuwa limelowa hadi ndani, na mbarika yenye maji hainunuliwi. Dirie alishauri liachwe, kwa kuwa kuanika kungechukua siku mbili na Jumamosi haingengoja.

"Ni gunia la Kaluki," Nzomo akasema.

"Yule aliyekutukana mbele ya soko?"

"Huyohuyo."

"Basi karani, Mungu amekuonea huruma. Liache lioge."

Nzomo alitandaza blanketi lake, akamwaga mbarika ile juu yake, akashika pembe mbili. Alisema wataianika huku wakitembea. Dirie akamwita mwendawazimu kwa lugha yao, kisha akaenda kushika pembe mbili zilizobaki. Walitembea hivyo jua kali, wakipokezana na wenzao, kutoka Athi hadi Kiboko, blanketi likining'inia katikati kama la watu wanaobeba maiti. Wenyeji waliokutana nao njiani walivua kofia. Dirie aliwajibu kwa heshima kwamba marehemu anaitwa Mbarika.

Pale Kiboko walikunywa maji, na Nzomo aliyapenda mahali pale kwa namna ambayo hakuweza kuieleza. Walifika Makindu Ijumaa tarehe 17 Agosti, saa tisa alasiri. Mnunuzi alitia mkono ndani ya kila gunia, na katika la Kaluki akautia mara mbili, akalipima kama mengine. Jumamosi adhuhuri simu ikaja, bei ikashuka tena. Nzomo alikuwepo, akainakili.

Watu wa Migwani hawakutajirika. Walipata walichostahili kupata mwezi mmoja nyuma, na unga ukanunuliwa. Kaluki alipopokea zake alitafuta neno la kumsimanga akakosa, akauliza tu wiki ijayo wangoje ama wauze. Nzomo akamwambia atamsomea wiki hii na iliyopita, tani na bei, lakini kungoja ama kuuza ni kwake mwenyewe. Tangu siku hiyo hakumshauri mtu tena, na hakusoma nambari moja bila ya nyuma yake. Kufikia Oktoba mwenye duka alimwita arudi, kwa sababu watu hawakutaka kuuza mahali pasipo na wa kuwasomea.

Mzee Ndululu alikuja nyumbani kwao Nuu mwenyewe, akaketi, akanywa uji, akazungumza juu ya mvua. Alipoinuka kwenda alisema, "Mbarika imeuzwa. Kungoja kumekwisha." Nzomo na Muthoki walifunga ndoa kanisani tarehe 15 Desemba 1934. Dirie alihudhuria, akakaa nje kivulini na kula wali wake huko, akimsimulia kila aliyepita habari za blanketi. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Mwaka 1947 familia ilihamia Kiboko, ambako Mzee alifungua duka dogo la kununua mbarika, pojo na kunde. Hakupata utajiri huko pia. Mlangoni alitundika ubao wenye bei ya Mombasa, wiki mbili kando kwa kando, na chini yake bei yake mwenyewe, kila mtu aione tofauti. Wenzake wa biashara walimwambia anajiharibia. Alitumikia kanisa kama mzee kwa miaka ishirini na mitatu.

Mwezi wa Oktoba 1979 alianza kupoteza uzito na macho yake yakawa ya manjano. Alitibiwa Machakos, akalazwa mara mbili, na mwishoni mwa Februari akaomba arudishwe nyumbani. Aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Machi 1980, saa kumi na moja alfajiri, kitandani pake, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane wake, Mama Muthoki, aliyeishi naye miaka arobaini na mitano. Watoto Mwangangi, Syokau, Ndila na Kilonzo. Wajukuu kumi na tisa. Na ndugu yake Kisilu wa Nuu. Familia ya marehemu Mzee Dirie, inayowakilishwa hapa na binti yake Abdiya, inahesabiwa miongoni mwa wafiwa kwa ombi la Mzee mwenyewe. Tunamlaza leo, Jumamosi tarehe 15 Machi, katika udongo wa Kiboko alioupenda. Bwana ampe pumziko ambalo hakujipa.

Binti yake Syokau, mwalimu, anayewasomea wasifu huu, ana jina la mama yake Mzee, na kwa desturi yetu baba alimwita mwaitu, mama yangu, tangu alipozaliwa. Jumapili tarehe 9 Machi barua ya daktari ilifika kutoka Machakos, kwa Kiingereza. Macho ya Mzee yalikuwa hayaoni tena maandishi madogo, akampa Syokau aisome. Alisoma mwanzo, akafika mstari wa nne, akauruka, akasema daktari anashauri mapumziko. Mzee aliendelea kungoja. Alikuwa na subira ya mtu aliyesimama miaka mingi mbele ya watu wenye magunia. Baada ya kitambo Syokau alirudi juu ya ukurasa, akausoma wote kwa Kikamba, mstari wa nne pamoja na mingine, bila kupunguza. Alipomaliza, Mzee alivuta shuka hadi kifuani, na haya ndiyo aliyomwambia, na hakumwambia jambo jingine baada yake:

"Umesoma vizuri, mwaitu. Sasa mwite mama yako, naye umsomee."