Bangili Kumi na Nane na Sista Mmoja

Mheshimiwa Daktari Mkuu. Waheshimiwa wajumbe wa bodi ya hospitali. Ndugu wageni waalikwa. Wauguzi wenzangu mliotoroka zamu mkidhani sijawaona. Na wewe, mume wangu, uliyekaa karibu na mlango ili utoroke mapema: hamjambo?

Nimeambiwa niseme kwa ufupi. Miaka thelathini na mmoja nimepima presha za watu katika hospitali hii, leo nastaafu, halafu niseme kwa ufupi? Thubutu!

Mnaniita Sista Presha. Mnadhani sijui? Nilidhani ni jina la heshima, mpaka Fundi wetu wa vifaa alipokuja na sanduku la bangili kumi na nane. Mtu mpole, sauti ya chini, soksi hazifanani. Akatueleza kwamba bangili hizi hupima presha bila kubana mkono: humulika ngozi kwa taa ndogo ya kijani, huangalia damu inavyosukumwa, kisha hukadiria. Nikamwuliza, "Taa? Kwani presha imepotelea uvunguni?" Watu walicheka. Yeye akaandika kwenye daftari lake.

Lakini kila bangili sharti kwanza ilinganishwe na kipimo cha kawaida, kile cha kufunga mkono na kujaza upepo. Nani apime? Nani mwingine! Nikawaita wafanyakazi kumi na saba, mmoja mmoja, chumbani kwangu. "Kaa. Nyoosha mkono. Usipumue kama unakimbizwa. Na ule mkasi uliopotea Jumanne uko wapi?" Ndivyo ninavyowatuliza watu. Bangili ya kumi na nane ilikuwa yangu, nami nikajiandikia "mzima" bila kujipima. Nani wa kunipima mimi?

Wiki ile, jamani, hospitali nzima iliugua! Mlinzi, bangili inasema presha iko juu. Mpishi, juu. Mhasibu alijilaza kwenye korido akaanza kugawa viatu vyake. Bodi ikasema bangili hizi ni uongo mtupu, Ijumaa zirudishwe zilikotoka. Nilifurahi, sitaficha. Niliimba tangu maabara hadi jikoni.

Alhamisi Fundi akagonga mlango. "Sista, samahani, naomba utoke nje kidogo." Nitoke chumbani kwangu! Akamweka muuguzi wa wodi ya watoto, yule anayeongea kama anabembeleza, wakalinganisha upya zile bangili kumi na saba. Presha ya mlinzi ikashuka. Ya mpishi ikashuka. Mhasibu akaanza kudai viatu vyake. Ndugu zangu, bangili hazikuwa na kosa. Zilifundishwa na watu waliokuwa wakitetemeka, zikaishika presha ya woga kuwa ndiyo kipimo. Na aliyewatetemesha alikuwa nje, kabandika sikio mlangoni.

Kisha Fundi akasema, "Sista, umebaki wewe." Nikapimwa kwa upepo, nikapimwa kwa taa. Vyote viwili vikasema kitu kimoja: mia moja tisini juu, mia moja kumi na tano chini. Nikasema mmenipandisha hasira. Akaniacha nipumzike saa nzima. Namba zikabaki palepale. "Basi ni mbovu, zima!" Hakuzima. "Nenda zako!" Hakwenda. Alivuta kiti, akakaa, akaniuliza kichwa kinaniuma tangu lini.

Tangu lini? Tangu mwaka juzi, nikinywa vidonge vya maumivu na kunyamaza. Mimi, niliyeshika mikono ya watu wote humu ndani, wangu sikuwahi kuushika. Nililia, na sioni haya kusema. Nikamtishia kwamba nitamshtaki kwako, Daktari Mkuu. Akanitangulia kukuita. Ukanilaza siku hiyohiyo, ukaniambia kwamba ningechelewa kidogo tu, mngekusanyika hivihivi kwa ajili yangu, ila mimi nisingekuwa nahutubu.

Bodi, nawashukuru kwa kuzibakiza bangili. Wenzangu, nisameheni presha nilizowapa bure. Mume wangu, vidonge nameza, acha kunikagua ulimi.

Fundi, simama watu wakuone. Usiiname, simama! Nilikudharau, nikakufokea, nikakufukuza, ukang'ang'ania kiti kile mpaka nikapona. Ninyi wote, ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza. Nawe, Fundi, asante kwa kutonisikiliza.