Kwa Dada Anapona, Kwa Muke Anakufa

Ndugu zangu, minye leo sikuja kuimba. Nimekuja kuwaambia kwa nini bwana yangu anakaa kila siku pale karibu na mulango wa kanisa. Wengine munasema anataka kutoka kabla ya sadaka. Nimewasikia.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, wakati wa uasi. Hapa Kiringye leo wanapita waasi, kesho askari wa serikali, na wote wana njaa. Tulivuna mahindi mu mvua. Kuyaanika nje tuliogopa, basi tukayajaza mabichi mu chumba cha nyuma, tukafunga mulango na dirisha. Wanaume walikuwa wanakamatwa kubeba mizigo, kwa hiyo minye nikashika jembe, bwana yangu akabaki ndani kupiga mahindi mu mufuko kwa fimbo, polepole, wasisikie. Yalikuwa yameota ukungu. Akifungua mufuko, vumbi linajaa chumba chote. Tuliona afadhali vumbi kuliko bunduki.

Jioni homa inamushika. Anatetemeka, anakohoa, kifua kinabana. Tukasema malaria. Mapigano yakikaribia, anakimbilia kwa dada yake milimani, upande wa Lemera, na kule anapumua, anakula, anacheka. Akirudi kwangu na kushika fimbo, jioni ileile anaanguka. Alikonda mpaka nikaogopa kumutazama akivua shati.

Njaa na vita tulivizoea. Lakini wifi yangu huyo alisimama mbele ya ukoo muzima akasema, "Kwa dada yake anapona, kwa muke wake anakufa. Mufikiri wenyewe." Neno sumu hakulitaja. Munajua hapa kwetu muke aliyesemwa hivyo anangojewa na nini. Hata mama yangu muzazi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, weye ulimupa nini?" Siku hiyo niliomba nife kabla ya bwana yangu.

Mama mukwe akaja kukaa kwetu, na chungu chake, unga wake, hata chumvi yake. "Toka leo mwanangu atakula mukononi mwangu." Nikamuachia jiko.

Alikula mukononi mwake, na bado alianguka. Wakasema nimetia kitu mu maji. Mwisho bwana yangu hakuweza hata kuinua fimbo, na unga ulikuwa umekwisha. Mama mukwe akaichukua fimbo ile, akajifungia mu chumba kile, akapiga mahindi yeye mwenyewe muchana kutwa.

Jioni alianza kutetemeka. Akakohoa kikohozi kilekile cha mwanawe. Nikamupelekea maji. Aliyatazama sana, halafu akanitazama minye.

"Sikula chako," akasema.

"Hapana, mama. Hukula."

Akayanywa yote.

Asubuhi aliita ukoo. "Sumu iko mu chumba kile. Haiko mu chungu." Akatupeleka milimani kwa muganga wa hospitali, naye akatuuliza kazi yetu, akasema vumbi la ukungu linakula mapafu, na kwamba dawa ya kwanza ni kuliacha. Tukarudi, tukafungua mulango. Yaliyooza tukayatupa mbali, mazuri tukayaanika juani. Askari walipita, ndiyo, wakabeba karibu yote. Tulilala njaa, lakini bwana yangu alilala bila kutetemeka.

Ndugu zangu, nawaambia, mahindi yakauke kabisa ndipo muyaingize nyumbani. Muyapige nje, upepo ukiwa mugongoni, kitambaa puani. Yenye ukungu, muyaache, hata kama roho inauma. Na kabla ya kusonta chungu cha muke wa muntu kwa kidole, mufungue kwanza dirisha.

Namushukuru muganga yule. Namushukuru wifi yangu, aliyekuja kuomba samahani kwa magoti. Na weye mama mukwe, uliyekaa hapo mbele, asante. Ulikunywa maji yangu.

Pumzi ya bwana yangu haikurudi yote. Yeye ndiye aliyekuwa anatuanzishia nyimbo hapa, wakubwa munakumbuka. Sasa mukiimba anatikisa kichwa tu. Mumuachie nafasi yake pale mulangoni. Upepo uko pale.